VYOMBO VIKUUKUU VYA JIKONI: NAMNA YA KUVITUMIA TENA NA NAMNA YA KUVITUPA

Nyuma ya kila jiko pana pembe ambapo vyombo vilivyochoka hutupwa. Hapo utaona sufuria iliyotoboka kitako, chungu kilichopasuka mdomo, karai lililoliwa na kutu, bakuli la enameli lililobanduka, na mfuniko usio na chombo chake. Vyombo hivyo hukaa pale mwaka baada ya mwaka. Mvua huvijaza maji, watoto huvichezea, kuku huvipekua, na mwenye nyumba huvipita kila asubuhi bila kuvitazama. Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda". Basi kilicho kikuukuu hakina wa kukiangalia.

Karatasi hii yataka kuwaonyesha wakulima ya kuwa rundo lile si takataka tu. Likitumiwa kwa akili ni mali, kwa maana laweza kunywesha bustani, kumpa kuku kiota, na kutia shilingi mkononi. Likiachwa ovyo ni adui, kwa maana hulea mbu, laweza kumwua ng'ombe, na laweza kudhuru akili ya mtoto pasipo mzazi kujua sababu.

1. KANUNI YA KWANZA

Kanuni ni hii: chombo kilichotoka jikoni kwenda kufanya kazi nyingine kisirudi jikoni kamwe.

Tuseme Bwana Fulani ana sufuria inayovuja kidogo. Aichukua shambani akachanganyia dawa ya kuua wadudu wa pamba. Msimu wapita, sufuria yalala ghalani. Siku moja wageni waja wengi, vyombo vyapungua, na mtu wa nyumbani asiyejua habari ile aichukua, aiziba tundu, aisugua kwa jivu na mchanga mpaka yang'aa, kisha aipikia wali. Jivu na mchanga huondoa masizi, lakini haviwezi kuaminiwa kuondoa sumu. Sumu haitazamwi kwa macho, wala mng'ao wa sufuria si ushahidi wa usafi wake.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili. Kwanza, msitumie chombo chochote cha jikoni, kipya au kikuukuu, kwa kuchanganya au kupima dawa ya wadudu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nunueni ndoo yake, itieni alama ya rangi, mkaifungie mahali pake. Hali kadhalika mikebe na chupa za dawa zisiletwe jikoni hata zikioshwa. Zisuuzwe mara 3, maji yake yatiwe katika bomba la kunyunyizia, kisha zitobolewe.

Pili, mkiisha kuamua kwamba chombo hakitapikiwa tena, chukueni msumari na nyundo mkakitoboe kitako mara 4 au 5. Tendo hilo dogo lina faida mbili: chombo hakiwezi kurudishwa jikoni kwa kusahau, wala hakiwezi kushika maji ya mvua. Ikiwa kazi yake mpya ni kushika maji, basi kitobolewe ukingoni na kupakwa rangi, ili kila mtu wa nyumba akijue.

2. KABLA YA KUKITOA, TAZAMENI KAMA CHAWEZA KUPONA

Si kila chombo kibovu kimekufa. Sufuria ya alumini iliyotoboka kitako yaweza kutiwa kitako kipya. Mafundi wa kazi hiyo wako katika masoko mengi ya nchi zetu: hukata sehemu iliyooza, hukunja bati jipya la alumini likashikana na ukingo wa zamani, kisha hugonga mpaka maungo yakaza. Kazi hiyo ikifanywa vema, sufuria itapika tena kwa miaka.

Lakini fundi asizibe tundu kwa risasi ya kulehemu. Risasi ni sumu, na kipande kidogo kilicho kitakoni mwa chombo hukutana na chakula kila siku. Muulizeni fundi mapema, nanyi mtazame kazi yake kabla ya kulipa.

Karai au chungu cha chuma kilichoshika kutu chaweza kuponywa nyumbani. Kisugueni kwa mchanga mpaka chuma kionekane, kiosheni, kikausheni juu ya moto, kisha mkipake mafuta ya kula kidogo sana ndani na nje, na kukipasha moto mpaka mafuta yatoe moshi. Rudieni mara 2 au 3. Ngozi nyeusi itakayofanyika ndiyo kinga yake.

3. VYUNGU NA MITUNGI YA UDONGO

Udongo uliochomwa hauozi. Huko Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale walisaidiwa sana na vigae vilivyolala ardhini miaka mamia kuujua umri wa kuta na misikiti ya mji ule. Basi kigae ukitupacho shambani leo kitawakuta wajukuu wako, nacho kitakuwa bado na makali ya kukata mguu. Afadhali kipewe kazi.

Kazi iliyo bora kwa mtungi mkuukuu ni kunywesha bustani. Jambo hili si jipya: katika China, Fan Shengzhi aliliandika katika kitabu chake cha kilimo katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Mtungi usiopakwa rangi ya kung'aa hutoa jasho. Maji hupenya polepole katika kuta zake, na udongo mkavu huyavuta. Fanyeni hivi:

(a) Chagueni mtungi uliopasuka shingo, lakini tumbo lake ni zima. Jazeni maji jioni. Ikiwa asubuhi kuta zake zina unyevu kwa nje, wafaa. Chungu kilichopikiwa mboga na mafuta kwa miaka hakifai sana, kwa kuwa mafuta na masizi huziba vitundu vyake.

(b) Chimbeni shimo lenye kina cha mtungi, na upana uliozidi kidogo. Changanyeni udongo uliotoka na samadi iliyooza.

(c) Uzikeni mtungi mpaka shingoni, mshindilie udongo pande zote ili uushike.

(d) Pandeni mbegu za tikiti, boga, tango au nyanya pande 4 za mtungi, umbali wa shubiri moja kutoka ukingo wake. Mche wa mwembe au mchungwa nao waweza kupandwa karibu na mtungi wake.

(e) Jazeni maji safi, maana maji ya tope huziba mtungi. Kisha ufunikeni. Hapa ndipo mfuniko wa sufuria uliopoteza mwenziwe hupata kazi, maana huzuia jua lisinyonye maji na mbu asiingie kutaga. Ongezeni maji kila yapunguapo nusu.

Mkulima atakayefanya hivi ataona kwamba magugu hayasitawi katikati ya mimea, kwa sababu uso wa udongo hubaki mkavu, na maji huenda kwenye mizizi tu.

Chungu cha kupikia kilichovunjika ubavu kilazeni chini katika banda la kuku, mkikaze kwa mawe kisiyumbe. Tieni jivu kavu chini na majani makavu juu yake. Kuku hupenda kutaga mahali penye giza, na jivu husumbua utitiri na chawa. Badilisheni jivu na majani kila kuku aangulishapo. Vigae vidogo vyafaa kufunika tundu za mikebe ya miche, ili udongo usitoke pamoja na maji. Na vilivyobaki mpelekeeni mfinyanzi, kwa kuwa wafinyanzi wengi huvitwanga, huvichekecha, na kuvichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke wakati wa kukauka na kuchomwa.

4. SUFURIA ZA ALUMINI

Jina la sufuria latokana na neno la Kiarabu la shaba, maana zamani masufuria ya pwani yalikuwa ya shaba. Siku hizi mengi ni ya alumini. Alumini ni mali hata ikiwa imechakaa, maana huyeyuka kwa moto wa digrii 660, na kuiyeyusha ile ya zamani hutaka kama sehemu 1 tu katika 20 ya nguvu itakiwayo kuitoa alumini mpya katika mawe yake. Ndiyo sababu wanunuzi wa vyuma chakavu huzitafuta sufuria mbovu vijijini. Msiziuze kwa kukadiria kwa macho. Wekeni akiba mpaka ziwe kilo kadhaa, ng'oeni mikono na misumari ya chuma, kisha muuze kwa mizani. Akiba haiozi, na alumini ni akiba ya namna hiyo.

Lakini hapa pana jambo kubwa kuliko yote ya karatasi hii, nami nawaomba mlisome mara 2.

Kwa kuwa alumini huyeyuka upesi, mafundi wadogo wengi huiyeyusha na kusubu sufuria mpya, yaani huimimina katika kalibu ya mchanga. Kazi yao ni ya akili na yaleta riziki. Hatari imo katika kile kinachotiwa ndani ya moto. Pamoja na sufuria kuukuu hutiwa vipande vya injini, rejeta za magari, na vyuma vya mitambo ya umeme, na vingine vina risasi. Risasi hiyo huingia katika sufuria mpya, na kutoka huko huingia katika chakula.

Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za sufuria 42 za alumini zilizotoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walichemsha ndani yake maji yenye uchachu kwa muda wa saa 2. Sufuria 15 kati ya hizo zilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Wala kuchemshwa mara ya kwanza hakukuwa kusafishwa, maana sufuria moja, iliyotoka Vietnam, ilizidi kutoa risasi ilipochemshwa tena mara ya pili na ya tatu.

Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Huwadhuru zaidi watoto wadogo na mimba. Mtoto hatapiki, haumwi homa. Hukawia kujifunza, hupungukiwa damu, na mwalimu humwita mzembe. Kikulacho ki nguoni mwako. Na hiki chaweza kuwa juu ya mafiga yako.

Basi fanyeni hivi. Sufuria ya kupikia chakula chagueni ile iliyotengenezwa kwa bati jembamba la alumini, si ile nzito ya kusubu msiyojua asili yake. Ikiwa mnayo ya kusubu, msipikie uji wa mtoto, wala vitu vyenye uchachu kama ukwaju, nyanya, ndimu na maziwa ya mgando, kwa kuwa uchachu ndio unaoitoa risasi. Chakula kisilale ndani yake usiku. Msiisugue kwa nguvu mkidhani mnaitakasa, kwa maana kusugua hufunua metali mpya. Wala msiwape kuku na ng'ombe chakula humo, kwa sababu risasi yaweza kurudi kwenu katika yai na maziwa. Iwe ya kubebea majivu au mchanga.

Nanyi mnaouza, uzeni sufuria peke yake. Msichanganye gunia moja sufuria, betri na rejeta. Na betri kuukuu isivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani kwa sababu yoyote.

5. ENAMELI, MAKARAI NA VIKAANGO VISIVYOSHIKA CHAKULA

Bakuli la enameli likibanduka haliponi. Vipande vyake vikali huingia katika chakula, na rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, zaweza kuwa na metali za sumu. Litoboeni, liwe la kubebea mbolea au kutekea mchanga.

Karai la chuma lililotoboka hufaa sana kwa kitalu. Ongezeni matundu kitakoni, jazeni udongo mzuri sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1, na mchanga sehemu 1, mkasie mbegu za mboga au za miti. Liwekeni penye kivuli wakati wa adhuhuri, maana chuma hushika joto na kuchoma mizizi. Mwenye mhunzi jirani aweza kumpelekea vipande vya karai avikate bawaba na komeo.

Siku hizi pia viko vikaango vyeusi ambavyo chakula hakigandi ndani yake. Ngozi ile ikichubuka, kiacheni. Mwenye kuku aangalie sana: kikaango cha namna hiyo kikipata moto mwingi kuliko kiasi, hutoa moshi usioonekana ambao huua ndege, kwa sababu mapafu yao ni mepesi kudhurika. Kisipashwe moto kikiwa kitupu, hasa karibu na banda la vifaranga. Wala kisitupwe motoni, wala kisipelekwe kwa fundi wa kuyeyusha.

6. MAJI YALIYOTUAMA

Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi ya ardhini. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana, ambaye hupenda maji yaliyomo katika vyombo karibu na nyumba. Huyo ndiye aletaye homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ndiye pia aletaye chikungunya, homa iliyotambuliwa kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika nchi ya Wamakonde upande wa Newala. Jina lake ni la Kimakonde, na maana yake ni kupindika, kwa vile mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo.

Mbu huyo hutaga mayai ukingoni mwa maji, nayo hushikamana na ukuta wa chombo. Chombo kikikauka mayai hayafi; hungoja miezi. Mvua ikirudi, huanguliwa, na katika siku 7 hadi 10 mbu wazima huruka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo cha kunyweshea kuku kimwagwe na kusuguliwa ndani kila juma. Vingine vyote vitobolewe, au vifudikizwe, au viwekwe chini ya paa.

7. WAYA, MISUMARI NA NG'OMBE

Ng'ombe hatafuni kwa uangalifu kama mbuzi. Hukusanya majani kwa ulimi na kumeza, kisha hucheua baadaye. Waya wa mkono wa sufuria, msumari wa mfuniko, au nyuzi za chuma za kusugulia vyombo zikiwa majanini, humezwa pamoja. Chuma hicho hukaa katika tumbo la pili, lililo karibu sana na moyo. Tumbo likijikaza, chuma hutoboa, na chaweza kufika hata kwenye moyo wenyewe. Ng'ombe huacha kula, maziwa hukatika ghafula, hukunja mgongo, hugumia, na huogopa kuteremka mteremko. Mkiona dalili hizo, mwiteni mganga wa mifugo mara moja. Lakini mara nyingi huwa zimeonekana kwa kuchelewa. Afadhali mkebe mmoja wa kukusanyia waya na misumari, uliotundikwa ukutani, kuliko ng'ombe aliyekufa.

Kwa sababu hiyo, takataka za jikoni zilizo na chuma, kioo au vigae zisitiwe katika shimo la mboji. Mboji huenda shambani, na shamba hulisha ng'ombe.

8. KISICHO NA KAZI

Chombo kisichofaa kwa kazi wala kwa kuuzwa kipelekwe kwenye jaa la mji lililowekwa na halmashauri, kama lipo. Kama halipo, kizikwe katika shimo la kina cha mita 1 au zaidi, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, mbali na mkondo wa maji ya mvua na mahali pa kulima. Vyungu na vioo vivunjwe ndani ya shimo, si nje yake.

9. KWA UFUPI

Jumamosi moja kabla ya mvua za masika, kusanyeni vyombo vyote vilivyo nyuma ya jiko, mvigawe mafungu 4: vya kuponywa, vya kupewa kazi, vya kuuzwa, na vya kuzikwa. Kisipatikane chombo cha fungu la tano, yaani cha kuachwa pale pale. Kisha shikeni haya:

Kilichotoka jikoni kisirudi jikoni.
Kisichoshika kazi ya maji kitobolewe.
Chombo cha chakula kisiguswe na dawa ya wadudu.
Sufuria ya kusubu isipikie mtoto wala vitu vyenye uchachu.
Waya na msumari vikae katika mkebe wake.

Kazi yote hii haitaki fedha. Yataka msumari mmoja, nyundo moja, na asubuhi moja ya mwenye nyumba.